Kuugonga Mtumbwi wa Babu

Jumapili, mwezi 10 Rajabu 1323
Askari wa Wadachi wanachoma vijiji vya juu ya mto. Jumatano tunavuka kwenda visiwani. Mtumbwi tunao mmoja tu, wa marehemu Babu, mzee kuliko Bibi. Na mto una mamba. Binamu yangu Nassibu, mchonga mitumbwi, anataka kuutoboatoboa kwa patasi atafute palipooza. Ukatili! Chungu sokoni hakitobolewi. Hugongwa kwa kidole, kikasikilizwa. Kizima huimba. Chenye ufa hunong'ona. Nitaugonga mtumbwi.

Jumatatu, mwezi 11
Nimeugonga kwa kifuu, sikio ubavuni mwake. Waimba wote! Mti ule bado unakumbuka mvua. Nilisikia msitu, majani, labda hata Babu akikohoa. Nikasahau kula. Nassibu akasema nimeposwa na gogo. Yeye amekunywa maji ya dawa, eti risasi haitamwingia. Nikamjibu kwamba dawa yake haina jaribio ila la kumvunja mtu. Akarudi kunoa patasi yake. Ushindi!

Jumanne, mwezi 12
Nimerudia, kwa hakika zaidi. Sehemu tatu zinanong'ona! Jana ziliimba. Kumbe mti huoza upesi namna hii. Nikatia alama za mkaa. Nassibu akatoboa, safari hii kwa heshima kabisa. Mti mzima, mgumu kama mfupa. Tundu la pili, vilevile. La tatu, vilevile.
Ndipo Bibi akafunua mkeka ndani ya mtumbwi. Makanda matatu ya mpunga, yameegemea palepale. Aliyapakia alfajiri, yasije yakasahauliwa. Mpunga ulikuwa umeimeza sauti.
“Mke mwenzangu,” akaniambia, kama anavyoniita siku zote, “tunavuka kwa mtumbwi au kwa chujio?”

Jumatano, mwezi 13
Tumevuka. Matundu yalizibwa kwa sufi na kanga yangu mpya. Nassibu alipiga kasia, mimi nilikumba maji kwa kifuu kilekile. Nyuma yetu moshi ulipanda kutoka kijijini, taratibu, kama usingizi. Katikati ya mto Nassibu alisema, kwa sauti ndogo, kwamba dawa yake asingependa ijaribiwe leo.

Alhamisi, mwezi 14
Tumepewa kibanda katikati ya mikoko. Nimezigonga nguzo zote. Zinaimba vizuri mno, nusura nisinzie. Isipokuwa moja, ile aliyoiegemea Bibi tangu asubuhi. Hiyo inanong'ona. Imeoza, masikini. Nimekwenda kumwomba Nassibu patasi.