Mtihani wa Baridi, Matrah

Idara ya Matayarisho ya Theluji, yenye makao yake mtaa wa Darsait, Maskati, juu ya duka la mafundi wa viyoyozi, ilitangaza kwa fahari kwamba msafara wake wa kupanda milima ya Aktiki kwa mbao za kutelezea umekamilika kwa asilimia tisini. Asilimia kumi iliyobaki ilikuwa safari yenyewe.

Karani Muhsina ndiye aliyelipiga chapa tangazo hilo. Milima ya theluji alikwishaipanda mara tatu, kwa likizo zake mwenyewe, na kwa hiyo akawekwa akiba: kanuni zilitaka wajumbe wasio na mazoea, wasije wakaupendelea mlima. Waliochaguliwa ni wakuu wanane, akiwamo Mkurugenzi Hatem, kiongozi wao. Ilimuuma.

Jumatatu wakuu wakapelekwa Matrah, kwenye chumba cha barafu cha muuza samaki mmoja, wakae humo saa nzima. Atakayetoka mapema hasafiri. Muhsina akaingia nao kuandika mahudhurio.

Dakika ya tano, mkuu wa itifaki alikumbuka kikao. Ya nane, wawili wakatoka kumtafuta. Ya kumi, wanne wakaunda kamati ya kuwatafuta wale watatu, na kamati ikaona ni bora ikutane juani.

Akabaki Mkurugenzi, kakaa juu ya kreti la nguru, ndevu zimeota chembe nyeupe.

"Bi Muhsina, saa yako nzima?"

"Nzima, bwana. Dakika ya kumi na mbili."

Ya kumi na tatu akatoka.

Muhsina alimaliza saa peke yake, akichezesha vidole vya miguu visije vikafa ganzi. Alipotoka alimkuta Mkurugenzi kaikumbatia gilasi ya chai ya maziwa.

"Andika nimekaa saa nzima."

Akiandika hivyo, Mkurugenzi atasafiri na yeye Muhsina habanduki Maskati. Na amri ya mkubwa nayo haikataliki. Akafungua kalamu.

"Nnaandika, bwana. Ila kule baridi ni mara mbili ya hii, siku ishirini na moja, mnalala hemani. Na choo ni nje."

Mkurugenzi aliweka gilasi chini. "Nje wapi?"

"Nje, bwana. Kwenye theluji."

Akaimaliza chai.

"Andika nimeshindwa. Uongozi ushike wewe."

"Itaingia kwenye faili lako, bwana."

"Naiingie."

Akatia saini, akapiga muhuri mara mbili, kisha akaamuru karatasi hiyo isomwe mbele ya wafanyakazi wote, asije mtu akamsingizia ushujaa.