Jino Langu Kwenye Maziwa ya Mkwe

Jamani mafundi wenzangu, leo uso wangu sijui niufiche wapi. Nawaandikia kwa sababu kuongea siwezi, mdomo umevimba kama andazi. Gadi wa treni ya kurudi Tabora atawafikishia barua hii. Msomeeni na Shabani, ila mkewe asisikie. (Huyo akijua, soko zima limejua.)

Mnajua nilikuwa nakwenda Bukene kujitambulisha kwa wazazi wa Tereza. Nilivaa lile koti nililolishona mwenyewe. Nikapanda daraja la tatu, nikakaa dirishani, na treni ilipoingia kwenye miombo akili ikanitoka, ikaenda zake. Jua lilikuwa linapenya kwenye majani na kunichezea magotini. Moshi ulipita dirishani polepole, mweupe kama shela. Nikawaza: babu zetu walipita huku kwa miguu, mizigo kichwani, na mimi napita nimekaa, naelekea kuoa! Nikamwona Tereza uani kwao, anacheka, ananiambia, "Karibu, mume wangu." Nikamwitikia. Kwa sauti!

"Unaongea na nani, mwanangu?" akauliza mama aliyekaa mbele yangu. Alikuwa Mama Yustina, mkunga wa zahanati, amepakata kibuyu cha maziwa.

"Hapana, mama. Ni kiu tu."

Ili nionekane kweli nina kiu, nikatoa chupa ya soda. Kifungulio sina. Nikaweka kizibo kwenye meno. (Ndiyo, mlishanikataza.) Nikafumba macho, Tereza akarudi, akaninyooshea mkono... na ng'ombe akaingia relini. Breki! Chupa ikanigonga, soda ikamwagikia koti, na jino langu la mbele likaruka, likatua sakafuni kati ya miguu ya abiria.

Damu! Nikaliokota, nikaanza kulisugua kwenye suruali.

"Acha!" Mama Yustina akanidaka mkono. "Usilisugue! Lishike huku juu, mzizi usiuguse. Hilo bado lina uhai."

Nikamtolea macho. Uhai?

"Nimemwona daktari wa misheni akirudisha jino la mtu mzima, likashika. Ningelirudisha sasa hivi, lakini treni inavyoruka nitalipachika shavuni. Bukene ni hapo mbele tu." Akamimina maziwa kwenye kikombe changu cha bati, akalitumbukiza jino, akanipa kitambaa safi niking'ate. "Usinywe, usimwage, usiongee."

Nikakikumbatia kikombe. Jino limezama, halionekani. Nikautazama ule weupe mpaka nikaona kanisa, ngoma, Tereza ndani ya shela, na bwana harusi mwenye pengo.

Tukafika. Tereza na baba yake, Mzee Petro, walikuwa wananingoja. Mzee amevaa koti la jeshi alilorudi nalo kutoka vitani Burma, amesimama wima utadhani bado yuko gwarideni. Mama Yustina alikuwa bado anahangaika kushusha mizigo yake. Mimi nikatangulia, nikainama mbele ya mkwe, kikombe nimekishika kwa mikono miwili.

"Hikahoo, haha," nikasema, kitambaa mdomoni.

"Marahaba, marahaba! Tereza, ona adabu ya kijana huyu. Kaniletea maziwa!"

Akakipokea.

"Mm! Mm-mm!" Nikatikisa kichwa.

"Usione haya, mwanangu," akasema. Akanywa.

"Mzee, kuna jino!" akapiga kelele Mama Yustina kutoka mlangoni mwa behewa. Wapi! Mzee ameshamaliza kikombe.

Akatafuna kidogo. *Kra.* Akatema kitu kiganjani, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akaingiza kidole mdomoni, akapapasa juu, akapapasa chini.

"Tereza," akasema kwa sauti ndogo, "vita nimemaliza na meno yangu yote. Leo nimenywa maziwa tu!"

"Pole, baba! Linauma?"

"Haliumi. Hilo ndilo linalonitisha."

Ikabidi nitoe kitambaa. Nikamchekea mkwe wangu, pengo wazi, damu inachuruzika mpaka kidevuni. "Ni langu, baba."

Wachukuzi walicheka mpaka mmoja akakalia mzani wa mizigo. Mama Yustina akanikalisha juu ya gunia la karanga, akalisuuza jino kwa maziwa yaliyobaki kibuyuni, akalisukuma mahali pake. Machozi yalinitoka! Tereza ndiye aliyenishika kichwa. (Sitasema uongo, niliendelea kuguna hata maumivu yalipopoa.)

Kesho asubuhi napelekwa misheni, daktari alifunge jino kwa waya. Leo wamechinja mbuzi kwa ajili yangu, na mimi nimepewa uji. Posa nadhani imekubaliwa, maana mzee alipoulizwa alicheka mpaka akashindwa kujibu.

Basi na nyinyi chekeni sasa hivi, mmalize kabla sijarudi. Mimi nimekatazwa kucheka mpaka jino lishike.