Kwapa la Shoto

Jumatatu, 3 Agosti

Wageni wameshuka! Timu za mpira wa meza kutoka nchi nane, mashindano ya kimataifa, hapa hapa kwetu, kwenye ukumbi wa jamii wenye paa linalovuja. Wamepita mbele ya kibanda changu cha ushonaji wamebeba raketi kwenye vibegi vidogo kama madaktari. Nimejichoma kidole na sindano mara mbili kwa kuwashangaa. Raha iliyoje!

Kuna tatizo dogo. Timu yetu ina wachezaji watatu na mmoja wa akiba. Watatu ni Mwalimu, ambaye ndiye nguzo. Bonge, dereva wa lori. Na Shoto, kinyozi, tunayepakana naye ukuta kwa ukuta. Wa akiba ni mimi. Kocha, nesi mstaafu asiyecheka ovyo, anasema nimechaguliwa kwa bidii. Shoto anawaambia wateja wake kwamba nimechaguliwa kwa sababu nashona jezi bure. Domo la kinyozi!

Tatizo kubwa ni baba mkwe. Nilimwambia kwenye simu kwamba mimi ndiye tegemeo la timu. Maneno yalinoga, nikashindwa kuyafunga breki. Sasa anakuja kuniona fainali, tukifika. Mzee huyu tangu nimwoe binti yake ananiita "yule wa vifungo." Akinikuta benchi nimelamba mchanga. Lazima nicheze. Ili nicheze, lazima mmoja aanguke. Nimemchagua Shoto. Ujirani una raha zake.

Jumanne, 4 Agosti

Akili ni mali! Jezi mpya za bluu ziko mezani kwangu. Shoto hucheza kwa mkono wa kushoto, jina lenyewe linasema. Nikiteremsha mshono wa kwapa la kushoto na kuubana mkono, raketi yake haitapanda juu ya kitovu. Atadhani ni uzee.

Nimeigeuza jezi ndani nje, nikaitandaza kifua juu, nikaukamata mkono ulio upande wangu wa kulia. Jezi ikikutazama, kushoto kwake ni kulia kwako. Hayo nayajua hata usingizini. Mshono maridadi, naona aibu kujisifu. Mke wangu akauliza mbona nacheka na cherehani. Nikamwambia nina furaha ya kimataifa.

Shoto alikuja kuichukua mbio mbio, hakuijaribu. Alikuwa amemwacha mteja kitini na nusu ya kichwa. Akanishukuru, akaniita ndugu yangu. Nikaona haya kidogo, yakapita.

Jumatano, 5 Agosti

Sielewi. Sielewi kabisa!

Shoto ameshinda michezo yake yote. Ameshinda vibaya sana! Mkono wa kushoto ulikuwa unaruka kama umefunguliwa gerezani. Mpinzani wake, kijana mrefu mwenye viatu vya bei mbaya, alifika mahali akawa anautazama mpira ukipita tu, kwa heshima.

Kocha ndiye aliyenifungua macho bila kujua. Alisema amemfokea Shoto miaka na miaka kwamba ule mkono wake wa kulia, usioshika kitu, unapepea ovyo na kumyumbisha mwili. Leo mkono umetulia ubavuni, mwili umesimama imara, kila pigo linatua anapotaka. Akamuuliza amefanyaje. Shoto akasema hajui, labda jezi.

Nilikimbilia kibandani, nikageuza jezi yangu ndani nje. Loo! Nguo ikigeuzwa ndani nje, na mikono hubadilishana pande. Nimebana kwapa la kulia. Hilo ni somo la siku ya kwanza ya ufundi! Nimemtibu adui yangu kwa mkono wangu mwenyewe, tena bure.

Alhamisi, 6 Agosti

Tumeingia nusu fainali. Mji umepagawa. Wateja hawaulizi tena nguo zao, wanauliza matokeo. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka, halafu nikakumbuka kwamba sitakiwi kufurahi.

Shoto anawaambia watu kwamba jezi yangu ina baraka. Anailaza juu ya mto.

Jioni Mwalimu akaja kibandani, akafunga pazia, akazungumza kwa sauti ya chini utadhani anaiba. Anataka jezi yake ibanwe vile vile. Kulia, kama ya Shoto. Sasa, Mwalimu hucheza kwa mkono wa kulia. Fundi mwaminifu angemwambia kwamba wewe tubane kushoto. Nilifungua kinywa nimwambie. Kisha nikamwona baba mkwe kichwani mwangu, amekaa mstari wa mbele, ananitafuta kwa macho. Nikafunga kinywa. Nikamwambia Mwalimu alete jezi kesho baada ya mchezo, aivae siku ya fainali tu, baraka isichuje.

Ijumaa, 7 Agosti

Tumo fainali! Fainali ya kimataifa! Bonge alilia. Kocha alitabasamu, nina mashahidi.

Nimebana jezi ya Mwalimu. Safari hii sikuigeuza kabla ya kuweka alama ya chaki. Mtu hujifunza.

Baba mkwe amewasili na begi moja na maswali mengi. Wakati wa chakula akaniuliza nitacheza wa ngapi. Nikasema hiyo ni siri ya kambi. Mke wangu akakohoa.

Jumamosi, 8 Agosti

Siku ya siku! Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Baba mkwe mstari wa mbele, na kofia yake ya harusi. Wapinzani wetu wamevaa njano, wanapasha misuli bila hata kutoka jasho.

Mwalimu akaingia mezani kupasha. Mpira wa kwanza, mkono haukupanda. Wa pili, haukupanda. Wa tatu akaupiga kwa kiwiko. Kocha akashika kichwa. Majina ya wachezaji yalikuwa hayajapelekwa kwa mwamuzi. Nikasimama, nikanyoosha miguu, nikampungia baba mkwe.

Kocha akaniita. Nilikwenda mbio! Akasema vua. Nikavua koti la mazoezi kwa madaha. Akasema na jezi. Nikauliza jezi ya nini. Akasema Mwalimu avae yangu, haraka.

Basi nikavua. Mbele ya mataifa nane na baba mkwe, nimebaki na fulana yenye tundu mgongoni. Mganga hajigangi. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Mwamuzi akaja kusema kwamba hata wa benchi lazima avae jezi ya timu, nikavishwa ya Mwalimu. Nimeshona vizuri, jamani. Sikuweza hata kujikuna pua.

Lakini mchezo! Mwalimu akashinda. Shoto akashinda. Bonge akashindwa, Mwalimu naye akapoteza mchezo wake wa pili. Mbili kwa mbili! Mchezo wa mwisho Shoto, seti ya mwisho, kumi kwa kumi. Moyo ulitaka kutoka uende zake. Nilisahau kabisa kwamba mtu huyu namtaka aanguke. Nilipiga kelele jina lake, nikajipiga paja kwa mkono wa kushoto, maana makofi sikuweza. Mpira wa mwisho wa Shoto ukagusa ukingo wa meza, ukaanguka chini. Mabingwa!

Shoto akanyang'anya kipaza sauti, akasema ushindi huu ni wa fundi aliyemshonea jezi, asimame aonekane. Nikasimama. Ukumbi mzima ukanipigia makofi.

Baba mkwe akanijia, akaninyooshea mkono. Wangu haukupanda, na mkwe humpi wa kushoto. Nikainama mwili mzima mpaka kiganja kikafika kwenye chake. Akaona ni adabu. Macho yakamlenga machozi. Akasema kumbe mimi si wa vifungo tu, na kwamba ameshawaambia aliokaa nao kuwa yule ni mkwe wake. Anataka nimshonee shati. Nyuma yake mke wangu aliutazama mshono wa kwapa langu, akanitazama mimi, akauma midomo asicheke.

Jumapili, 9 Agosti

Baba mkwe ameondoka na shati lake. Mlangoni akaniita mwanangu. Nililia, sisemi uongo.

Mke wangu akanikalisha. Akasema nimetafuta heshima mezani nikaipata cherehanini, nishukuru, niache vituko. Nikamjibu ni kweli tupu. Nilimaanisha, kwa karibu saa nzima.

Lakini fikiria. Mzee hajaniona nikicheza! Na mwezi ujao tumealikwa ng'ambo, kutetea kombe. Kwa ndege! Kocha ameagiza bukta mpya, na Shoto amekuja mwenyewe kupimwa, ametoa tumbo mbele kwa imani yote, ananiita ndugu yangu.

Jezi ilinikosesha kwa jambo moja tu: mikono ni miwili. Mpira wa kiuno cha bukta hauna kushoto wala kulia.