Mshale Unasema Mbele

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Maisha yangu yamebadilika leo, kipindi cha nne. Mwalimu wa jiografia amekuja na kifaa cha GPS! Cha kushika mkononi, cheusi, saizi ya kipande cha sabuni kilichotumika wiki moja. Kuna mchezo wake. Watu huficha kasha mahali, hutoa namba za latitudo na longitudo, nawe unalitafuta kwa kufuata mshale kwenye kioo. Ndani ya kasha mna daftari. Jumamosi shule sita zinashindana, na nahodha wa kila shule ataandika jina lake humo. Nahodha tu. Daftari hubaki ndani ya kasha miaka na miaka.

Nataka jina langu liwe humo. Sijataka kitu namna hii tangu nilipotaka meno ya mbele yaote.

Tunaogombea ni wawili: mimi na mwenzangu wa dawati, ambaye darasa zima humwita Kamusi kwa sababu haulizwi swali akakosa jibu. Kila mmoja atakaa na kifaa kwa zamu, akitayarishe, kisha atafute kasha ambalo mwalimu ataficha shuleni. Nimepata zamu ya kwanza. Kamusi amenitakia heri. Mbinu hiyo naijua!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimesoma mwongozo wote, kurasa arobaini na nane, na kupigia mistari kwa rula. Nimeruka ukurasa wa Tahadhari tu. Ule ni wa watu wazembe.

Kazi kubwa ni kusawazisha dira. Unakilaza kifaa kiganjani, unazunguka polepole mara mbili. Unakisimamisha, unazunguka tena. Unakilaza ubavu, unazunguka tena. Nilifanyia sebuleni. Hiyo polepole ilinishinda, furaha ilikuwa nyingi. Mzunguko wa tano nikaangukia kapu la vitambaa. Shangazi, fundi cherehani asiyebakiza neno, akauliza kama nimeingiwa na siafu. Nikamwambia nasawazisha dira. Akasema dira haina neno, wa kusawazishwa ni mimi.

Lakini kioo kikaandika: Imekamilika! Kaskazini ikawa upande wa dirisha, palepale inapokaa siku zote.

Sasa mbinu yangu. Mwalimu anapenda unadhifu kuliko majibu. Nimekishonea kifaa mfuko wa buluu wenye dirisha la kioo, na mdomoni nimeweka kifungo cha sumaku cha mkoba wa zamani wa shangazi. Kinajibana chenyewe: tap! Kamusi hana mfuko. Kamusi kwisha habari yake.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mwalimu ameficha kasha, akanipa namba, nikaziingiza. Mita themanini tu! Nikakivalisha kifaa mfuko wake, tap, safari ikaanza. Mwalimu nyuma, Kamusi nyuma, nusu ya darasa nyuma.

Mshale ulionyesha mbele. Nikapinda kushoto kuukwepa mti; mshale ukasema mbele. Nikapinda kulia; mbele. Nikageuka nyuma kabisa, kuhakikisha tu, mbele! Sijawahi kukutana na chombo chenye imani nami kiasi hiki. Hata mama hukubaliana nami mara mojamoja.

Mita zikawa zinapanda. Mia. Mia na thelathini. Mia na sabini. Kamusi akaninong'oneza kwamba zinapaswa kupungua. Nikamweleza kwa upole kwamba kifaa kinahesabu tulikotoka, kwa kuheshimu juhudi. Akasema, "Haya, dada mkubwa." Nikapita katikati ya shuka za bweni zilizoanikwa, nikapanda ngazi, nikafungua mlango.

Ofisi ya mwalimu mkuu. Mwenyewe alikuwemo, na wakaguzi watatu, vikombe mkononi. Mshale bado ulisema mbele, yaani kwa mkaguzi mnene. Nikamwomba ainuke kidogo nitazame chini ya kiti. Akainuka! Muungwana kweli. Hapakuwa na kasha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Zamu ya Kamusi. Jambo la kwanza, akakivua kifaa mfuko. Bila hata kuomba radhi! Akazunguka polepole kama feni inayozimika, akaenda moja kwa moja nyuma ya tangi la maji, akarudi na kasha. Dakika nne.

Nikamwambia mwalimu kwamba kifaa kilikuwa kimeshafanya mazoezi na mimi jana. Mwalimu akasema mazoezi hayo ameyasikia, na mkuu wake ameyasikia, na wakaguzi wameyaandika. Nahodha ni Kamusi.

Nililia chooni. Dakika mbili, kwa saa yangu. Kamusi akaja akagonga mlango. Akasema anataka niwe msaidizi wake, nibebe kifaa, kwa kuwa mwongozo mzima ninao kichwani. "Ila ule mfuko uuache nyumbani, mwenzangu, tafadhali. Ile sumaku yake." Nikamwambia nimesikia.

Kusikia, nilisikia. Wivu wa mfuko, maskini.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mashindano! Mfuko nilikuja nao ndani ya soksi. Vifaa vya shule nyingine vyote vilikuwa uchi, hata nikavionea huruma. Kamusi alipoinama kufunga kamba za viatu, tap.

Mbele! Tukakata bustani ya mboga. Mbele! Tukapita katikati ya mechi ya mpira. Refa akapiga filimbi, nikampungia mkono. Mbele! Tukaingia banda la kuku, na ukuta ukawa mbele kuliko sisi.

Kamusi akakitazama kifaa, akanitazama mimi. Akauvua mfuko, akautia mfukoni mwake, na mshale ukageuka kama mtu aliyeitwa jina. Tukatoka mbio, manyoya kichwani. Sijui nani alianza kucheka. Hadi tunalifikia kasha tulikuwa tumeshikana ili tusianguke.

Tulikuwa wa sita. Kati ya sita. Kamusi akaandika jina la shule, akaandika lake, kisha akaninyooshea kalamu. Nikamkumbusha kwamba kanuni zinasema nahodha tu. Akasema kanuni hazijawahi kuingia banda la kuku, niandike kabla hajabadili nia.

Nikaandika. Mwandiko wa kuunga. Mstari wa mwisho wa ukurasa, lakini kwa wino!

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kamusi amenirudishia mfuko. Ndani yake ameweka ukurasa wa Tahadhari, ameunakili wote kwa mkono wake. Nimeusoma kwa utulivu. Unasema sumaku isikae karibu na kifaa, kwani huivuta dira upande mmoja.

Upande mmoja! Kumbe tatizo lote lilikuwa hilo!

Nimemwomba shangazi kifungo cha pili. Akauliza cha nini tena. Nikamwambia cha kusawazisha. Akashika kichwa, akanipa. Nimekishona upande wa pili, nimepima kwa rula, sawa kwa sawa, sasa sumaku zivutane kwa haki. Muhula ujao nagombea unahodha.

Tap. Tap.