Gunia Nililolishona Mdomo

Jumatatu, 3 Juni
Ubaruku. Joto, pumba mpaka puani. Mama Yudith, mwenye kinu cha mpunga, kaleta kijana fundi wa kompyuta, Alinanuswe. Eti anisaidie. Nawajua wasaidizi! Programu za mapokezi, ghala na ukoboaji niliandika mimi. Akizielewa, narudi mjini, mtaa wa Soweto, kulala sebuleni kwa shemeji.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa. Programu zote zilikuwa zinachungulia ndani ya Gunia, aina ya data niliyoitunga: mwenye mali nani, uzito kiasi gani. Sasa nimeyafungia hayo kwenye faili moja. Nje yamebaki jina la Gunia na amri nne tu: pokea, pima, hamisha, toa. Kwenye kompyuta ya kinu nimeacha nakala inayofanya kazi ila haisomeki na mtu; faili lenyewe liko kwenye flashi, flashi iko soksini. Alinanuswe kauliza uzito unahifadhiwaje. Nikamwambia hayamhusu, aite pima. Akasema sawa kaka. Hata kukasirika hajui.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Msimu umefunguliwa, wakulima wameleta lumbesa, magunia yamefura mpaka shingo haionekani. Ndani ya siri yangu kila gunia ni kilo mia. Niliandika hivyo kwa uvivu. Mzee Kalinga kasema anaibiwa mpunga wake, na wenzake wakasema watahamia kinu cha jirani. Mama Yudith kaagiza kila gunia lipite mzanini, programu zifuate. Kazi ya nusu saa. Nikasema wiki mbili, mambo ya ndani ni mazito. Kisha nikaaga nina msiba Mbalizi. Waonje kinu bila mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Mbalizi, kwa dada Anjela. Hakuna aliyefiwa. Nangoja wanipigie wakilia. Kimya. Nimejipigia kwa simu ya dada, yangu inaita vizuri. Roho inauma.

Jumatatu, 10 Juni
Nimerudi. Kinu kinanguruma, mzani unasoma, Kalinga anacheka. Alinanuswe hakuitafuta siri yangu. Kasoma zile amri nne, kaandika Gunia la kwake, kaliweka mahali pa langu. Mapokezi, ghala, ukoboaji, hakuna iliyoshtuka. Tena kanishukuru mbele ya Mama: nisingefunga vizuri vile, angelazimika kubadilisha kila programu. Alimaanisha. Bora angenitukana. Mama Yudith kanipa pole ya msiba, akanitakia heri niendako.

Ijumaa, 14 Juni
Soweto, sebuleni. Baridi. Shemeji kaniuliza nitakaa mpaka lini, kwa upole, ndiyo mbaya zaidi. Nashukuru Liberatus wa Iringa kanikubali kwenye mashine yake ya mahindi. Nimetafakari sana na kosa nimeliona: niliacha majina yanayoeleweka. Iringa nitaficha na majina. Nimeshaandika amri zote: a1, a2, a3, a4. Leo nimeitazama a3 mpaka chai ikapoa. Ama inapokea mahindi ya mteja, ama inayafuta. Tutajua wakulima wakifika.