Kuhusu Sakafu Yako Inayomwaga Maji ya Samaki Wangu

Kwa Mama Mwenye Nyumba,

Pokea salamu za heshima kutoka ghorofa ya kwanza. Mimi ni mzima, mke wangu ni mzima, samaki nao ni wazima. Kisicho kizima ni sakafu yako, nacho ndicho kilichoniinua kazini nikaweka mkasi chini na kushika kalamu.

Ujumbe wako umenifikia, kwamba niondoe tangi la samaki kabla ya wiki kwisha, la sivyo niondoke nalo. Kabla hatujafika huko, naomba unisikilize.

1. Sakafu ya sebule yangu imelala upande. Mimi ni kinyozi, mama. Mstari uliopinda nauona hata nikisinzia, maana ndio unaonilisha. Mbao zako zimeinamia dirishani kama mtu anayetega sikio asikie ugomvi wa jirani.

2. Samaki wangu wana matangi mawili. La juu ni la kutazamwa. La pili limo ndani ya kabati chini yake: linapokea maji machafu, linayachuja, kisha pampu inayarudisha juu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyenifungia mtambo huo, na alisema wazi kwamba tangi la chini halitaki mwinamo. Kwa sakafu yako, maji yote yamekimbilia kona moja. Kona ya pili pampu inanyonya hewa na kukoroma kumshinda baba mkwe wangu, ambaye angalau huja kutukoromea likizo tu.

3. Nilikunja boksi nikaliingiza chini ya mguu wa kabati. Likalowa. Nikaingiza ndala ya mke wangu. Ikatosha kabisa, ila sasa mke wangu anatembea na mguu mmoja peku, na jicho analonitupia siwezi kulieleza kwa mtu mzima kama wewe. Kabati likanyooka, kioo cha tangi kikagoma. Gundi ya pembeni ikaachia, maji yakaanza kudondoka. Niambie, mama, ndala imekosa nini?

4. Chini yangu anaishi mama mshonaji. Nasikitika kukuarifu kwamba ameweka dari yake mahali ambapo maji yangu hupita. Wiki hii anashona gauni la harusi ya binti yake wa pekee. Jumanne alipanda ngazi amelibeba mikononi kama mgonjwa. Kifuani palikuwa na doa la kijani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza tu, "Baba, mwanangu aolewe ananuka samaki?" Nikamjibu kwamba maji yangu yamechujwa. Mke wangu akanivuta ndani kwa kola.

Gauni limefuliwa, doa limefifia likawa la njano. Lakini huyu ndiye mama aliyetusaidia kubeba godoro siku tulipohamia, na sasa akiniona kwenye ngazi anasubiri nipite. Hilo limeniuma kuliko ninavyoweza kuandika, na ni kosa la mbao zako.

5. Naomba basi uinue nyumba upande wa dirishani kwa jeki. Shemeji anayo ya gari. Ikishindikana, wapangaji wote wahamie upande wa mlangoni ili uzito wao uivute nyumba irudi. Nimeshazungumza na mzee wa ghorofa ya juu, ambaye angetosha peke yake, lakini amenifungia mlango. Hilo nalo likishindikana, mama mshonaji apande kwangu na mimi nishuke kwake. Maji, kwa ninavyoyafahamu, hayapandi.

6. Samaki waombwe radhi. Si lazima iwe kwa maandishi.

Nisalimie mzee wako, watoto, wajukuu, na yule mlinzi anayeniita Bwana Kambale.

Ni mimi mpangaji wako nisiyepinda,
Kinyozi

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta bahasha, mke wangu na shemeji wamenyonya maji yote kwa mpira wakayamwaga bafuni, bila kunishirikisha. Matangi yalipobaki matupu, sakafu ililia kwaa, ikainuka. Kumbe haikuzaliwa imeinama. Ilikuwa imechoka kunibebea maji. Mke wangu ameweka yai katikati ya sebule, tukalitazama sote watatu. Limetulia tuli. Shemeji amekumbuka ghafla kwamba ana safari. Mke wangu ameliokota yai, amelikaanga, amelila peke yake.

Nimeshuka kwa mama mshonaji kuomba radhi, na safari hii sikutaja kuchuja. Amenikalisha, akanisikiliza hadi mwisho huku akishona ua dogo juu ya lile doa. Sakafu yake ni ya saruji, hivyo samaki wangu wapo kwake, ndani ya beseni, hadi harusi ipite. Bwana harusi nitamnyoa mimi. Ila mama ameniwekea sharti: nikija kuwaona samaki, nisimame mlangoni, na nisifikiri kitu.