Niliyemkemea Duluti

Leo heshima yangu imezama Ziwa Duluti. Mwenyewe sikuzama, nilivaa jaketi la kuokolea.

Neema, mchumba wangu, alimleta mama yake kutoka Machame aje aniangalie. Akiridhika, washenga wangu watapokelewa. Asiporidhika, basi tena. Nikaona nimtembeze ziwani kwa mtumbwi, ajue binti yake amepata mwanaume jasiri (mwanaume huyu hajui kuogelea).

Tulifika asubuhi, ukungu umelala juu ya maji, ng'ambo huioni. Nikasema, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba." Hilo tu! Wao wakapanda mtumbwi wao na mpiga kasia mmoja, mimi nikatangulia na mwingine, anaitwa Lemburis.

Muda si mrefu, nikigeuka nyuma sioni mtu. Ndege kimya. Hata kasia likiingia majini silisikii. Lemburis akaninong'oneza, "Hapa wazee wanasema hakuna chini." Sikumuuliza, jamani! Nilishika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili.

Ndipo nikaitwa.

"Elirehema!"

Mjini mimi ni Remi. Jina hilo zima alilitumia bibi yangu peke yake, na bibi tulimzika Nkoaranga miaka sita iliyopita. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, nyembamba, kama inatoka majini kabisa. Nywele zilinisimama. Sisi tuliolelewa na bibi tunajua: ukiitwa na usiyemwona, huitiki.

"Elirehema! Elirehema wee!"

"Kaka, unaitwa," akasema Lemburis.

"Nyamaza! Piga kasia!"

"Sasa si uitike?"

"Piga kasia twende!"

Akapiga. Cha ajabu, kila tukienda sauti inazidi kuwa karibu. "Uko wapi, baba? Njoo!" Njoo wapi, huko chini? Akili ikaniruka. Nikasimama ndani ya mtumbwi (tulikatazwa), nikanyoosha mkono kama mwinjilisti wa mkutano wa hadhara.

"Shindwa! Shindwa, wewe kizee cha kuzimu! Rudi ulikotoka! Mimi hunipati!"

Upepo ukapita kidogo, ukungu ukaachia.

Hatua kama kumi mbele yangu, mtumbwi wao ulikuwa umenasa kwenye matete. Lemburis, bila kuniambia, alikuwa ameshageuza kuwafuata. Neema na mpiga kasia wao walikuwa wanahangaika kuusukuma. Katikati ameketi mama mkwe, kitenge kimelowa, macho kwangu. Neema alikuwa amemtajia jina langu la ubatizo ili nionekane mtu wa kanisani. Mama alipoogopa, akaniita mimi, mwanaume jasiri, nije niwavute.

"Shikamoo mama," nikasema. Ningesema nini kingine?

Hakuitikia. We! Mama mzima wa Kilutheri ameiacha shikamoo inaelea juu ya maji!

Tuliwavuta kwa kamba hadi ukingoni. Nilitaka kulia, sitawadanganya. Nampenda Neema, na nilikuwa nimeshajiona namkosa. Tukapanda gari kurudi mjini, Kijenge. Mama aliposhuka kwenye gari, akanigeukia.

"Waambie wazee wako waje Jumamosi," akasema. "Waje wanieleze wao, mimi natokea kuzimu ipi."

Naomba asicheke mtu. Natafuta mshenga wa haraka, awe na ulimi mtamu na asiwe mwoga.